eSIM ya saa inakataa baada ya kurisetiwa

Wakuu, niko Moshi. Saa janja ya mteja imerisetiwa, profaili ya eSIM (taarifa za laini ya kidijitali, isiyo na kadi) ikafutika. Nikiskani QR ileile inasema imeshatumika. Nifanyeje?

— Mkuu, QR nyingi ni za mara moja. Profaili ikishashuka, seva ya mtandao inaifunga kwenye EID (namba ya utambulisho wa eSIM) ya kifaa hicho. Kuskani tena ni kujichosha. Mwenye laini aende dukani, aweke kidole, atolewe profaili mpya.

— EID ina tarakimu 32, iko kwenye mipangilio ya saa. Watu hupeleka dukani IMEI (namba ya kifaa chenyewe), yenye 15! Akipata QR, waifai iwe imara, na asirisiti katikati.

— Aulize kwanza kama mtandao wake unahudumia saa. Mingine inahudumia simu tu.