Kengele ya usalama kwa bibi anayeishi peke yake Tukuyu

Mjukuu_TK: Wakuu, bibi ana miaka 81, yuko peke yake na hataki kuhama. Umeme hukatika, intaneti ya kusuasua. Nifunge nini bila kumwekea kamera?

Fundi_Uyole: Chukua kengele inayopiga simu kwa laini (SIM) yake yenyewe, yenye betri ya akiba. Kwanza zima PIN ya laini ukitumia simu ya kawaida, la sivyo mtambo hauisomi. Kihisi mwendo kifunge mita 2 hivi kutoka sakafuni, kwenye korido. Kisitazame jiko wala dirisha la jua, maana kinasoma joto. Kisipoona mtu hadi saa 3 asubuhi, mtambo ukupigie. Si kila mtambo una hiyo, uliza kabla ya kulipa.

Mama K: Kitufe cha dharura avae shingoni, hata akienda kuoga. Kikining'inia msumarini ni pambo tu.

Fundi_Uyole: Na kijaribuni kule choo cha nje, kuta na bati hupunguza mawimbi. Salio pia: laini isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Mkinga: Juni na Julai wazee hulala na jiko la mkaa ndani. Kihisi cha moshi hakinasi gesi ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi. Nunua kihisi cha gesi hiyo, na jiko litoke nje kabla hajalala.