Wanaohudumia seva Kisumu, mnasakinishaje draiva ya GPU bila kusoma maelezo ya toleo?

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Ninaandika ili mwingine asiingizwe katika shimo tuliloingizwa sisi, na ili kampuni inayohusika isome, maana najua watu wake wako humu. Jina silitaji. Wanajijua.

Sisi ni timu ndogo, tuko Milimani hapa Kisumu. Wakulima wa Siaya, Busia, Kakamega na Bungoma hututumia picha za majani ya mahindi, tunazipitisha kwenye modeli ya akili mnemba, mkulima anarudishiwa jibu kwa simu: hawa ni viwavijeshi, hilo ni gugu la kayongo, huo ni ugonjwa wa virusi, ng'oa mche uuteketeze. Kazi yote inabebwa na seva moja yenye kadi 2 za NVIDIA Tesla V100, yaani GPU, kadi zinazofanya hesabu nyingi kwa mpigo. Ni kadi za kizazi cha Volta kilichotoka 2017, tulizinunua zikiwa zimeshatumika, na hazijawahi kutusumbua. Matunzo ya seva tumeikabidhi kampuni moja, tunailipa kila mwezi, na mkataba unasema wazi kwamba hawagusi chochote bila kutuarifu.

Wakaingia usiku kwa mbali, wakaamuru masasisho ya mfumo mzima, wakatoka. Hakuna barua pepe, hakuna simu.

Kwa ambao hawajawahi kuishi na mashine hizi, naeleza. Draiva ya kadi hizi, yaani programu inayoiunganisha kadi na mfumo, ina sehemu mbili: moduli inayokaa ndani ya keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), na maktaba ambazo programu zetu huziita. Ukisasisha pakeji, maktaba mpya zinaandikwa kwenye diski papo hapo, lakini moduli ya zamani inabaki kwenye memori mpaka uitoe au uwashe mashine upya. Programu yoyote itakayoanza baada ya hapo inachukua maktaba mpya, inakutana na moduli ya zamani, matoleo hayalingani, inakataliwa. Asubuhi ukiandika nvidia-smi, amri ya kuonyesha hali ya kadi, badala ya jedwali la kadi unapata mstari mmoja tu wa NVML (maktaba inayosoma hali ya kadi) unaokuambia draiva na maktaba yake ni matoleo tofauti. Aliyewahi kusimamia seva ya GPU hata kwa mwaka mmoja ameuona mstari huo. Dawa yake nayo si siri: simamisha kazi zote zinazotumia kadi, toa moduli ya zamani, ingiza mpya, au panga saa ya kuwasha mashine upya.

Sasa sikilizeni lililoniuma. Kazi ya kufunza modeli iliyokuwa imeanza kabla ya sasisho ilikuwa bado inakwenda vizuri, kwa sababu tangu mwanzo ilishika maktaba za zamani. Zilizokwama ni kazi mpya tu. Tukampigia fundi wao, tukamwambia kaka, tafadhali usizime, subiri hii imalize halafu uwashe upya. Akasema sawa, hakuna shida. Haikufika adhuhuri seva ikazimwa. Kazi ikafa katikati, na kila kilichofunzwa tangu hifadhi ya mwisho kikapotea nayo.

Seva ikawaka na keneli mpya, draiva haipo kabisa. DKMS ndiyo zana inayojenga moduli upya kila keneli inapobadilika, lakini haiwezi kujenga kama faili za vichwa (headers) vya keneli hiyo hazijasakinishwa. Hazikuwa zimesakinishwa. Hili ni jambo la kuangalia kwa amri moja kabla ya kuwasha upya!

Badala ya kusakinisha vichwa na kuiacha DKMS ifanye kazi yake, wakaamua kuweka draiva mpya kuliko zote, tena yenye moduli za chanzo huria. Kadi zikakataa. Hapo ndipo tulipoandikiwa kwamba kadi zetu zimekufa, kwamba huenda ni stima ya Kisumu iliyoziunguza, na wakaambatanisha kotesheni ya kadi mpya. Bei yake inanunua shamba.

Nikafungua logi mwenyewe. Mtu yeyote anayelipwa kutunza seva angesoma mistari ile ya dmesg (logi ya keneli) na kuelewa: moduli inasema kadi hii haihimiliwi na moduli huria kwa kuwa haina GSP, yaani kile kichakataji kidogo cha ndani ya kadi ambacho moduli hizo hukitegemea. GSP ilianza kwenye kizazi cha Turing, kilichokuja baada ya Volta. Volta haina na haitakuwa nayo. NVIDIA ilipotoa moduli hizo 2022 ilisema wazi ni za Turing kuendelea. Na hata wangechagua moduli za kawaida bado wangegonga mwamba, kwa sababu R580 ndilo tawi (mfululizo wa matoleo) la mwisho la draiva linalohimili vizazi vya zamani vya Maxwell, Pascal na Volta. Hilo lilitangazwa 2025 na limeandikwa. CUDA 13, toleo jipya la zana za NVIDIA za kuendeshea hesabu kwenye kadi, nayo imeziacha kadi hizo nje, kwa hiyo mwenye V100 anabaki na CUDA 12.

Na kadi iliyokufa kweli ina dalili zake. Kadi ikidondoka kutoka kwenye basi (njia ya data inayoiunganisha na mashine), logi inaandika kosa la Xid 79, mara nyingi ukiita lspci, amri ya kuorodhesha vifaa, utaikuta haisomeki sawasawa. Zetu zilikuwa zinasomeka zote mbili, na hakuna Xid hata moja mahali popote. Nikaondoa uchafu wao, nikarudisha R580 yenye moduli zisizo huria pamoja na vichwa vya keneli, nikawasha upya. Kadi zote mbili zikatokea kwenye jedwali, baridi kabisa, zinangoja kazi. Kadi zilizotangazwa marehemu!

Mnaelewa maana yake? Taasisi isiyo na mtu wa kusoma logi ingelipa ile kotesheni. Ingetoa pesa za wafadhili au za wanafunzi, kadi nzima zingetupwa ama zingeishia kwa mtu anayejua thamani yake. Sidai kwamba walikusudia kutuibia. Ninasema uvivu wa kusoma ukurasa mmoja ulikaribia kutugharimu vile vile.

Na wakati huo picha za wakulima zinaendelea kuingia. Tuko katikati ya masika, mahindi yako magotini. Viwavijeshi hupigwa dawa wakiwa wadogo. Wakishajichimbia ndani ya moyo wa mhindi, mkulima atanyunyiza mpaka achoke. Mama mmoja wa Ugenya alituma picha ileile mara kwa mara akidhani simu yake ndiyo mbovu. Yeye hajui V100 ni nini na hapaswi kujua.

Kuna watakaosema tungezuia masasisho kabisa, tufunge toleo na tulale. Sikubaliani. Draiva hizi hutolewa taarifa za usalama, na baadhi ni nzito. Septemba 2024 ulitangazwa udhaifu wa CVE-2024-0132 kwenye zana za NVIDIA za kontena (vyumba vilivyotengwa vya kuendeshea programu), ambao ungemwezesha aliye ndani ya kontena kutoka nje na kuishika mashine yenyewe. Ukazibwa katika toleo 1.16.2. Huo ulikuwa wa kusasisha bila kusita. Ninachotaka ni sasisho lililopangwa. Matawi yamegawanywa kwa sababu: la uzalishaji huhudumiwa kama mwaka 1, la muda mrefu miaka 3. Seva ya kazi unaiweka kwenye la muda mrefu, unafunga pakeji za draiva na za keneli zisijisasishe zenyewe, unasoma sehemu ya matatizo yanayojulikana kwenye maelezo ya toleo, unakubaliana na mwenye seva saa ya kuzima, ndipo unagusa. Wenye mashine kubwa za NVSwitch, zinazounganisha kadi nyingi, wana kazi zaidi, maana Fabric Manager, programu inayosimamia muunganisho huo, lazima iwe toleo moja na draiva, vinginevyo kadi zinawaka lakini CUDA haianzi. Kama hawa walishindwa na kadi 2, sitaki kuwaza wakikabidhiwa 8.

NYONGEZA: Wamejibu. Wanasema lililotokea ni "tatizo linalojulikana kwa watengenezaji" na kwa hiyo si kosa lao, na ankara ya mwezi iko palepale. Ndugu zangu, kama lilijulikana, mlibonyeza kwa nini? Limeandikwa ili wewe unayelipwa ulisome kabla, si ulitoe kama kinga baada ya kuharibu. Hatulipi ankara hiyo mpaka tupate kwa maandishi orodha ya kila pakeji waliyogusa, nani aliyeamuru seva izimwe baada ya kuombwa asubiri, na nani aliyepima kadi zetu akasema zimekufa, kwa kipimo gani.

Kama uko Nakuru, Eldoret, Kakamega au popote huku magharibi na umeambiwa kadi zako zimekufa mara tu baada ya sasisho, usilipe kwanza. Weka hapa mistari ya dmesg yenye NVRM (alama ya ujumbe wa draiva ya NVIDIA), aina ya kadi na toleo la draiva. Ficha majina ya seva na anwani za IP. Nitazisoma, na wapo wengine humu wanaozijua kuliko mimi.