Ethi ya kebo ya intaneti: fimbo mpya, bomba la maji au kurudi kwenye mita?

Nyota_7
Wakuu, salaam. Nimehamia nyumba ya familia moja huku Marekani na fundi wa kebo anakuja Jumatano. Nipigilie fimbo mpya ya ethi (ya kupeleka umeme wa radi ardhini) pale kebo inapoingilia, nifunge klampu kwenye bomba la maji, au nivute waya hadi kwenye mita ya umeme? Nataka kununua vifaa leo.

FundiSaketi
Mkuu, umeacha mambo ya msingi. Kebo ni koaksi (kama ile ya TV), ya simu au faiba? Kuna umbali gani hadi kwenye ethi ya umeme? Bomba ni la shaba au plastiki? Bila hayo tunapiga ramli.

Nyota_7
Koaksi. Inaingilia upande wa pili wa nyumba, kama mita 14 kutoka kwenye mita ya umeme. Bomba sijalichunguza.

OmuMoja
Hizo mita 14 ndizo zenye kazi. NEC, yaani kanuni za umeme za Marekani, kifungu cha 800, inataka waya wa ethi usizidi futi 20, yaani mita 6, kwa nyumba ya familia moja au mbili. Uwe wa shaba, usiwe mwembamba kuliko 14 AWG (kipimo cha unene wa waya; namba ikipungua, waya ni mnene zaidi). Ikishindikana kabisa, unaruhusiwa fimbo ya kebo peke yake yenye urefu wa futi 5 na unene wa nusu inchi, LAKINI lazima uiunganishe na ethi ya umeme kwa shaba ya 6 AWG.

Watu wanakiruka kipande hicho cha mwisho. Nyumba moja ilifungwa fimbo ya kebo peke yake. Radi ikapiga nguzo ya umeme jirani, ethi ya umeme ikapanda volti, ile ya kebo ikabaki chini. Njia pekee kati ya hizo mbili ilikuwa modemu: upande mmoja plagi, upande mwingine koaksi. Modemu ikaungua, ruta ikafuata kupitia waya wa mtandao, kisha kompyuta. Fimbo ilikuwa nzima na klampu imekazwa vizuri, ila zilikuwa ethi mbili ndani ya nyumba moja.

KlampuYaShaba
Mimi nasimama na bomba la maji. Ni chuma kirefu ardhini, linashinda fimbo yoyote.

FundiSaketi
Likiwa la chuma na limegusa udongo kwa futi 10 au zaidi, sawa. Hata hivyo klampu ikae ndani ya futi 5 za mwanzo tangu bomba linapoingia nyumbani. Mabomba mengi yameshabadilishwa kuwa plastiki huko chini, ukutani ukaachwa mkia wa shaba unaodanganya.

KlampuYaShaba
Basi apime fimbo. Ukinzani wake na udongo ukisoma chini ya omu 25 imetosha.

OmuMoja
Omu 25 ni habari ya fimbo ya umeme, kuamua kama inahitaji fimbo ya pili. Radi haijali sana omu hizo, inajali urefu wa waya. Mita 1 ya waya ina takriban maikrohenri 1 (kipimo cha jinsi waya unavyopinga mkondo unaopanda ghafla). Mkondo ukipanda kiloampea 10 kwa maikrosekunde 1, hiyo ni volti 10,000 kwa kila mita. Ndiyo maana ningehamisha kebo iingilie karibu na mita ya umeme: bloku ya ethi (kiungo kinachofunga ganda la koaksi kwenye waya wa ethi) ukutani, waya mfupi ulionyooka hadi kwenye kipande cha kuunganishia ethi. Tangu toleo la NEC la 2008 nyumba mpya lazima ziwe nacho, chenye nafasi 3 au zaidi. Kama hakipo, vipo vinavyobana waya wa ethi uliopo bila kuukata.

Nyota_7
Kuhamisha ni kutoboa ukuta wa matofali. Na juu ya paa kuna dishi la zamani, nalo linahusika?

FundiSaketi
Dishi lipo na hukusema! Mlingoti wake unataka waya wa ethi wa shaba ya 10 AWG au nene zaidi. Kama halitumiki, ling'oe pamoja na kebo yake.

mama_faiba
Kwa nini msimwambie aombe faiba? Isiyo na chuma haihitaji ethi.

OmuMoja
Aulize kwanza. Faiba nyingine zina ganda la chuma, na hilo linafungwa ethi au kukatwa kwa kiungo kisichopitisha umeme.

Nyota_7
Nitauliza. Je, waya wa mtandao kwenda gereji iliyojitenga, mita 25, nao unataka ethi?

mama_faiba
Huko ndiko faiba inakofaa zaidi. Gereji ina umeme wake?