Mofini haionekani kwenye bamba ilhali ukanda wa kupimia unasema ipo

Mwanafunzi_Toksikolojia aliuliza:

Wataalamu wa jukwaa hili, shikamooni. Ninasoma shahada ya uzamili, na sehemu ya tasnifu yangu inahusu kutambua mofini na kodeini katika mkojo wa watu walio kwenye tiba ya methadoni, yaani tiba ya uraibu wa heroini na dawa za aina yake, kwa kutumia kromatografia ya tabaka jembamba, yaani TLC kama tunavyoiita maabara. Sampuli ninazopewa zina namba tu, hazina majina, na zimekwisha kupimwa kwa ukanda wa haraka ambao kikomo chake kwa opieti, yaani dawa za jamii ya mofini, ni nanogramu 300 kwa mililita.

Utaratibu wangu ni huu. Ninachukua mililita 10 za mkojo na kuongeza haidroksidi ya sodiamu hadi pH ifike 12, kwa kuwa nilifundishwa kwamba dawa za jamii ya besi huchujwa vizuri mkojo ukiwa na besi nyingi, kisha ninautikisa pamoja na klorofomu. Klorofomu ikishakauka, mabaki ninayayeyusha kwa matone machache ya methanoli na kuyadondosha kwenye bamba la silika jeli lenye alama ya F254. Kiyeyushi cha kupandisha ni ethili asetati, methanoli na amonia kali kwa uwiano wa 85:10:5, na mwishoni ninapulizia aiodoplatineti yenye asidi, kemikali inayozifanya dawa zionekane kama madoa ya rangi.

Mofini na kodeini halisi ninazoziweka pembeni zinatokea vizuri, Rf zake (umbali doa lilipopanda ukigawanywa kwa umbali kiyeyushi kilipopanda) zikiwa karibu na 0.20 na 0.35. Kwenye sampuli, hata zile ambazo ukanda umezitangaza kuwa na opieti, ninaona doa kubwa juu kwenye 0.77 hivi, ambalo nadhani ni methadoni yenyewe, na doa jingine nisilolitambua. Pale pa mofini hapana kitu. Je, nibadilishe kiyeyushi, au niombe mabamba ya daraja la juu zaidi?

Mkemia_Mstaafu alijibu:

Marahaba. Kiyeyushi chako kiache kama kilivyo, na fedha za mabamba zitunze, maana sampuli yako inapoteza mofini kabla haijafika kwenye bamba. Inaipoteza kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni umetaboli wenyewe. Mofini ikipita kwenye ini hufungwa kwa asidi ya glukuroniki, sehemu kubwa ikiwa mofini-3-glukuronaidi na sehemu ndogo mofini-6-glukuronaidi, na mofini inayobaki huru katika mkojo ni kama asilimia 10 tu ya kipimo alichotumia mtu. Glukuronaidi hupenda maji mno. Klorofomu haiigusi, na hata ungeidondosha moja kwa moja kwenye bamba, kwa kiyeyushi hicho ingebaki pale pale ulipoiweka. Kingamwili za kwenye ukanda, kwa upande wake, huikamata mofini huru na ile iliyofungwa pia, na ndiyo maana ukanda unakuonyesha kitu ambacho bamba halikioni.

Piga hesabu kidogo. Sampuli iliyo kwenye kikomo cha ukanda ina mikrogramu 3 za opieti katika mililita 10. Ikiwa sehemu ya kumi tu ndiyo iliyo huru, una mikrogramu 0.3, na sehemu ya hiyo itapotea njiani wakati wa kuchuja na kukausha. Aiodoplatineti huhitaji karibu mikrogramu moja mahali pamoja ili jicho lione doa bila kubahatisha. Hata mikono iwe mizuri namna gani, doa hilo halitatokea.

Njia ya pili ni pH yako ya 12. Aliyekufundisha kuhusu besi alikuwa sahihi kwa methadoni na kwa kodeini, lakini mofini ina tabia mbili: ina nitrojeni inayoifanya besi, na ina kundi la fenoli linaloifanya asidi dhaifu. Nitrojeni ina pKa (pH ambayo nusu ya molekuli huwa na protoni na nusu hazina) ya karibu 8, fenoli ina pKa ya karibu 9.9. Ukiupandisha mkojo hadi 12, fenoli hupoteza protoni yake, mofini ikawa chumvi, nayo ikabaki kwenye maji unayoyamwaga. Mahali pake ni kati ya pH 8.5 na 9, na hapo tumia amonia au bafa ya bikaboneti, kwa sababu kwa haidroksidi ya sodiamu utaipita alama hiyo kwa tone moja. Klorofomu tupu nayo haiipendi sana mofini. Ichanganye na isopropanoli, sehemu tatu kwa moja.

Ili kuivunja glukuronaidi na kuiachilia mofini, ongeza mililita 1 ya asidi haidrokloriki kali kwenye mililita 10 za mkojo, weka chupa yenye kifuniko kwenye maji yanayochemka kwa nusu saa, acha ipoe kabisa, ndipo urekebishe pH na kuchuja. Fanya haya ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na usiingize klorofomu kwenye kitu ambacho bado ni cha moto.

Doa usilolijua huenda ni EDDP, ambayo ndiyo metaboliti kuu ya methadoni, yaani kile ambacho mwili huigeuza kuwa: ini huondoa kundi la methili kwenye nitrojeni, na kilichobaki hujikunja chenyewe kuwa pete. Tafuta EDDP halisi uiweke kwenye bamba lile lile. Kwa utafiti wako doa hilo lina thamani, kwa kuwa methadoni iliyomiminwa kwenye kikopo cha mkojo na mtu ambaye hakuinywa haiji na EDDP.

Benchi_la_Pwani alijibu:

Nakubaliana na Mzee juu ya pH neno kwa neno. Juu ya asidi nina shaka. Mkojo uliochemshwa kwa asidi huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na uchafu huo hupanda pamoja na dawa ukaacha mkia mrefu unaofunika eneo la 0.20, yaani pale pale unapoitafuta mofini. Kama bajeti inaruhusu, tumia kimeng'enya cha beta-glukuronidasi. Kile cha bakteria wa E. coli hufanya kazi karibu na pH 6.8 kwenye nyuzi 37, na kile cha konokono huhitaji pH ya karibu na 5. Ni kazi ya saa kadhaa na si ya nusu saa, ila bamba linatoka safi. Kumbuka tu kwamba kimeng'enya cha E. coli huivunja glukuronaidi ya namba 3 kwa wepesi kuliko ya namba 6.

Kama unafanyia kazi mwambao kama mimi, unyevu wa hewa utakusumbua. Silika hunywa maji kutoka hewani na Rf zikahama. Yaweke mabamba kwenye joto la nyuzi 110 kwa nusu saa kabla ya kutumia, uyapoze mahali pakavu, na kila bamba libebe mofini na kodeini zake halisi. Namba ya Rf iliyochapwa kitabuni ni ya kukuelekeza tu. Kiyeyushi chenye amonia usikitumie mara ya pili, kwani amonia hutoroka kila ukifunua tangi. Na usije ukashawishika kuhamia kwenye methanoli na amonia, 100 kwa 1.5, eti kwa sababu ni rahisi kuandaa: huko mofini iko 0.37 na kodeini 0.33, na kwa madoa mapana ya mkojo hutazitenganisha.

Jihadhari pia na kwinini na nikotini, maana zote huitikia aiodoplatineti. Kabla ya kupulizia chochote, tazama bamba chini ya taa ya nanomita 254, kisha 366. Kwinini hung'aa rangi ya samawati, hasa ikiguswa na asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa. Maabara za Marekani za zamani ziliichukulia kwinini kuwa dalili ya heroini, kwa sababu wauzaji wa huko waliichanganya nayo. Kwetu mtu anaweza kuwa ametibiwa malaria tu.

Mwanafunzi_Toksikolojia aliandika:

Nawashukuru sana. Nimechuja upya sampuli chache kwa pH 8.8 baada ya kuzichemsha na asidi, na doa la buluu nzito limetokea sambamba na mofini halisi, ingawa mkia aliousema Benchi upo kweli. Swali langu la mwisho: je, naweza sasa kuandika kwamba wenye sampuli hizo wametumia heroini?

Mkemia_Mstaafu alijibu:

Hapana, na hapa ndipo wengi huandika zaidi ya walichokiona. Mofini inaweza kutoka kwenye heroini, kwenye mofini ya hospitali, au kwenye kodeini ya dawa ya kikohozi, kwa kuwa kimeng'enya CYP2D6 cha ini hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Kuiona kodeini pembeni hakusuluhishi jambo, maana heroini ya mitaani huwa na asetilikodeini, ambayo mwilini huishia kuwa kodeini.

Kinachoielekea heroini peke yake ni 6-monoasetilimofini, metaboliti ya heroini yenyewe, nayo ndiyo uliyoiharibu ulipochemsha, kwani asidi huing'oa asetili na kuigeuza mofini. Kwa hiyo kila sampuli igawe mara mbili tangu mwanzo. Sehemu moja ivunje, kwa asidi au kwa kimeng'enya cha mwenzetu, ambacho sina ugomvi nacho isipokuwa bei. Sehemu ya pili ichuje bila kuivunja, na dondoo lake lote liende kwenye bamba. Hata hivyo metaboliti hii hukaa kwenye mkojo kwa saa chache tu baada ya kutumia, hivyo kutoiona hakumsafishi mtu, na kiasi chake mara nyingi huwa chini ya kile ambacho jicho linaweza kukiona kwenye silika. Hapo itakubidi uombe nafasi kwenye kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi, kifaa kinachotambua kemikali kwa uzito wa molekuli na vipande vyake.

Njia hii isidharauliwe kwa sababu hiyo. Vincent Dole, aliyeanzisha tiba ya methadoni kule New York pamoja na Marie Nyswander, ndiye huyo huyo aliyechapisha na wenzake mwaka 1966 njia ya kunasa dawa za kulevya kutoka kwenye mkojo kwa karatasi ya kubadilishana ioni na kuzitenganisha kwa tabaka jembamba. Kliniki yake ilihitaji majibu ya watu wengi kwa gharama ndogo, kama yako.

Kwenye jedwali lako andika: "Doa linalolingana na mofini kwa Rf na kwa rangi, baada ya kuvunja glukuronaidi, halijathibitishwa kwa njia ya pili." Safu ya heroini iache wazi hadi majibu ya spektrometa yarudi.