Nimetoboa boksi la spika, besi imeharibika. Naomba ushauri (Moshi)

MwanakwayaPasua:
Habari za jioni wakuu. Kwaya yetu ina spika mbili za inchi 12, tulizinunua kwa michango yetu wenyewe. Kila boksi lilikuja na tundu moja mbele, lenye bomba la plastiki la inchi 4, urefu sm 15. Vipimo vya ndani ni sm 62 kwa 45 kwa 36.

Nilitaka besi iongezeke. Jirani akaniambia hewa inabanwa, nitoboe nyuma ipumue. Nikakata tundu jingine la inchi 4, bila bomba. Sasa besi ni "bum bum" ya nota moja tu, na mpiga besi akigusa uzi mnene koni (ile karatasi ya spika inayotetema) inarukaruka na kugonga ta! ta! Ile spika ambayo sikuigusa iko salama. Jumapili tunaimba na roho inaniuma sana. Nifanyeje?

FundiKijenge:
Pole sana mkuu. Kwanza usiipige kwa sauti kubwa hata dakika moja, hiyo "ta" ni koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagonga chini.

Chukua chupa tupu ya soda, ipulize mdomoni. Inatoa mlio mmoja, sivyo? Boksi lako ni chupa hiyo. Hewa ya ndani ni springi, na hewa iliyomo kwenye bomba ni uzito unaocheza juu yake. Vipimo vyako vinatoa lita 100, na kwa bomba lile boksi lilikuwa limetunwa, yaani mlio wake uko, kwenye Hz 32 hivi (mitetemo 32 kwa sekunde). Tundu lisilo na bomba lina uzito mdogo sana wa hewa, kwa hiyo mlio umepanda hadi karibu Hz 58. Uzi mnene wa gitaa la besi ni Hz 41. Zamani ulikuwa juu ya mlio wa boksi, sasa uko chini yake, na huko chini hewa haiishikilii tena koni. Inapepea yenyewe.

Msafwa_Ngarenaro:
Si aweke tu bomba na nyuma, yawe mawili sawasawa?

FundiKijenge:
Hapana ndugu yangu. Mabomba mawili ya sm 15 yanakupeleka kama Hz 46, bado juu ya ule uzi. Ili urudi 32 kila moja lifike sm 37, na boksi lina kina cha sm 36! Litagota ubao wa upande wa pili.

DadaSauti:
Mimi ningeziba yote mawili. Besi ya boksi lililozibwa haishuki sana lakini ni kavu, na koni inalindwa.

FundiKijenge:
Ni kweli dada, ila spika yake nyingine ina bomba. Zitapiga tofauti, wanakwaya watasikia. Mkuu, leo sindilia taulo kwenye tundu la nyuma, likaze kabisa, usikilize. Ukiridhika, kata kipande cha plaiwudi ya mm 18 kipana kuliko tundu, kibandike kwa ndani kwa gundi ya mbao na skrubu pande zote. Pasibaki ufa hata wa unywele, utapiga mluzi. Na usitumie ubao wa saipresi mbichi, utapinda ukikauka.

DadaSauti:
Ukiwa umefungua, weka na mhimili wa mbao kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma. Ubao mpana usioshikiliwa unajipigia ngoma wenyewe. Wengi wanadhani ile ni besi.

MwanakwayaPasua:
Nimerudi wakuu. Taulo tu, na uzi mnene umeshuka bila kugonga! Nimeshaziba kwa plaiwudi na mhimili nimeweka. Nikigonga ubao wa nyuma kwa vidole sasa unalia "ko", zamani ulikuwa "buu". Mungu awabariki. Gundi ikikauka nitaweka mhimili kwenye ile nyingine pia, ila sitatoboa kitu.