Shule za huku Ohio: kama mnafunga, fungeni usiku. Hii danadana ya asubuhi imetuchosha

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Nimekaa jikoni hapa, binti yangu wa darasa la tatu kafungwa bandeji mkononi, kaka yake ananiuliza kwa mara ya kumi kama leo ni likizo, na kazini nimeshaandikiwa siku nzima ya utoro. Yote haya kwa sababu kuna mtu ofisini alishindwa kutamka neno "tunafunga" mpaka saa tatu asubuhi ilipokaribia.

Niko pembezoni mwa Columbus, Ohio. Wilaya yetu ya shule siitaji, wanaojua wanajua. Kwa walioko nyumbani: huku hakuna wizara inayotoa tangazo la nchi nzima. Kila wilaya ya shule ina bodi yake na msimamizi mkuu wake, na ndani ya kaunti yetu moja kuna wilaya zaidi ya kumi. Kwa hiyo barabara hiyo hiyo, barafu hiyo hiyo, mtoto wa upande wa kulia amelala na wa upande wa kushoto anasubiri basi.

Na mkisikia dhoruba ya baridi msiwaze ile theluji nyeupe ya kwenye picha. Theluji ina unafuu wake, unaiona, unaikwangua, gari linashika. Ya jana ilikuwa mvua. Mvua ya matone kabisa, ila kila inachogusa kinaganda hapo hapo. Kufikia saa mbili usiku kila kitu kilikuwa kimevishwa kioo: matawi, nyaya za umeme, ngazi za nyumba, vitasa vya gari. Lami unaiona kama imelowa tu, kumbe ndiyo hiyo hiyo barafu. Madaraja hutangulia kuganda kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini. Malori ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu hupita kwanza barabara kubwa, mitaa ya watu kama sisi ndiyo ya mwisho, na chumvi yenyewe barabara ikishapoa chini ya nyuzi 15 za huku, yaani kama -9 za Selisiasi, inafanya kazi kwa kusuasua. Barafu hii haina mzaha. Februari 11, 2021, kule Fort Worth, Texas, ilirundika magari zaidi ya 130 kwenye barabara kuu alfajiri, watu sita wakapoteza maisha.

Kwa hiyo sijaja hapa kulalamika kwamba wamefunga shule. Wafunge! Sitaki wanangu wapandishwe kwenye basi la zaidi ya tani kumi linaloteleza kama sabuni. Ninacholalamikia ni saa.

Sikilizeni siku yangu ilivyokwenda.

Jana saa tatu usiku wilaya tatu zinazopakana na yetu zilikuwa zimeshatangaza kwamba kesho hakuna shule. Sisi tukatumiwa ujumbe: "Tunaendelea kufuatilia hali." Sawa. Mke wangu akaondoka kwenda shifti ya usiku, analea wazee. Mimi naingia ghalani saa mbili na nusu asubuhi, kazi ni ile ile ya kubeba maboksi. Siku za kawaida mambo yanaenda: saa moja na dakika kumi nawapandisha watoto kwenye basi, naondoka, mama yao anarudi kulala.

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu inalia. Shule itachelewa kufunguliwa kwa saa mbili. Maana yake basi litakuja saa tatu na dakika kumi. Napiga simu kazini, naomba kuchelewa. Msimamizi wangu akaguna, akakubali, nusu pointi ya utoro. Kwetu ukifikisha pointi sita unarudisha kitambulisho chako mlangoni, kazi imekwisha, na mimi nilikuwa na tatu.

Saa moja mke wangu anapiga: anayetakiwa kumpokea ameshindwa kutoka nyumbani kwake, gari halipandi mlima. Na wale wazee huwezi kuwaacha peke yao, kwa hiyo anabaki mpaka apatikane mtu. Haya, hilo nalo.

Saa tatu kasorobo natoka na watoto. Kituo cha basi hakifiki hata mita mia mbili, tukatembea kwenye majani kwa sababu njia ya miguu haikanyagiki. Nyuzi 19 Fahrenheit, kama -7. Hatua chache kabla ya kituo binti yangu akaenda chini, akajikinga kwa mkono. Kilio chake nilikisikia mpaka kwenye meno.

Niko chini pale nimempakata, simu inatetemeka mfukoni. Saa mbili na dakika hamsini na tano. "Kutokana na hali ya barabara, shule zote zitafungwa leo."

Hali ya barabara! Kana kwamba barabara ilibadilika kati ya alfajiri na wakati ule. Mvua ilikoma saa sita usiku, wakuu. Tangu hapo hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Kilichokuwepo saa tatu ndicho kilichokuwepo saa kumi na moja.

Nikapiga kazini mara ya pili kusema siji kabisa, na safari hii hakuna nusu. Kanuni ni kwamba kutokuja unasema kabla shifti haijaanza, nami nilikuwa nimeshaahidi kuja. Pointi nzima, juu ya ile nusu. Kama ningeambiwa jana usiku, ningebadilishana na jamaa wa jioni, anayehitaji saa za mchana kila siku ananiomba. Ndiyo maana nasema tatizo ni saa.

Sasa hili la pili ndilo lililonitoa machozi, la mkono wa mwanangu litapona (si mfupa, ni mshtuko wa kifundo, tumeshapimwa). Pale kituoni kuna jirani yangu, mama wa Kikongo, mtu wa Uvira, ana watoto wanne. Alikuwa kashawafikisha kabla yetu. Akaniuliza, "Papa, basi ya batoto iko wapi?" Simu ya shule alikuwa ameipokea, zote mbili. Sauti ya kurekodiwa, Kiingereza cha mbio, halafu kimya. Alichokiambulia ni neno "school", akadhani wanamkumbusha kuwaleta watoto. Nisingekuwepo angesimama pale hadi lini? Mtoto wake wa mwisho alikuwa amevaa viatu vya raba, soksi moja.

Na msiniambie hakuna namna. Shule hiyo hiyo ilimletea fomu za chakula kwa Kiswahili, nimeziona kwa macho yangu. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza taasisi inayokula fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na ndiyo imekuwa ikitumika miaka yote kudai mzazi aelezwe mambo ya mtoto wake kwa lugha anayoielewa. Fomu inatafsiriwa, ila onyo la barafu linaachwa Kiingereza?

Najua watetezi watakuja, kwa hiyo niwatangulie. Ndiyo, uamuzi si rahisi. Wanaamka saa tisa, saa kumi usiku, watu wa usafiri wanaendesha mitaani kupima barabara, wanasikiliza Idara ya Hali ya Hewa, wanawapigia wenzao wa wilaya jirani. Kuchelewesha saa mbili nako kuna maana yake: Januari jua huku linachomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo unapata mwanga na unawapa watu wa chumvi nafasi. Kwa theluji ya kawaida ni mpango mzuri. Lakini kwa kioo kilichoganda usiku kucha, chini ya nyuzi 20 za huku, saa mbili zitayeyusha nini?

Na ishara zilikuwepo. Ohio tuna utaratibu wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, kutangaza hali ya hatari ya barabara kwa daraja tatu. La kwanza, endesha kwa tahadhari. La pili, usitoke kama huna ulazima, na mwulize mwajiri wako kama uende kazini. La tatu, barabara zimefungwa, ukikutwa unazurura unaweza kukamatwa. Alfajiri ile tulikuwa daraja la pili. Yaani sherifu ananiambia niulize kama kuna haja ya kwenda kazini, na shule inaniambia nimtoe mtoto wa miaka minane. Sherifu hana mamlaka juu ya shule, naelewa, lakini macho si wanayo?

Kisingizio kingine ni kwamba wanaogopa kupoteza siku. Zamani ilikuwa hivyo, Ohio walikuwa na siku tano za dharura kwa mwaka, zikiisha mnafidia. Tangu mwaka wa masomo wa 2014 hadi 2015 hesabu ni ya saa: angalau 910 kwa wadogo hadi darasa la sita, 1,001 kwa wakubwa. Na kalenda yetu imezidi kiwango hicho, nimekaa nikapiga hesabu mwenyewe kwa kalkuleta ya simu. Kuna akiba. Hofu ya nini?

Tusisahau Atlanta. Januari 28, 2014. Theluji ya inchi mbili na kitu tu, huku Ohio tungeicheka. Lakini walisubiri, shule zikaachiwa mchana, maofisi yakaachiwa mchana, jiji zima likaingia barabarani kwa wakati mmoja juu ya barafu. Wanafunzi zaidi ya 2,000 walilala shuleni usiku ule, wengine ndani ya mabasi. Gavana aliishia kuomba radhi, na meya akakiri makosa. Inchi mbili. Kilichowaangusha ni kuchelewa kuamua, basi.

Wala si Marekani peke yake. Mnakumbuka Kenya, Aprili 2024, mafuriko? Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu ya tarehe 29, tangazo la kuahirisha likatoka saa chache kabla, watoto wa bweni na masanduku yao wengine wako njiani. Wakubwa wanafanana kila mahali. Anayeamua hasimami kituoni.

Hilo ndilo linaloniwasha zaidi. Ukiwa na kazi ya kompyuta, unapata ujumbe saa tatu kasoro, unaguna, unafungua laputopu mezani, mtoto anawashiwa katuni. Huku kwetu mwenye shifti, kila ujumbe una bei. Wa alfajiri nusu pointi, wa saa tatu pointi nzima. Mama wa Uvira yeye hata huo ujumbe hakuuelewa.

Wadau mlioko Minnesota, Iowa, Maine, kwenu wanaamua saa ngapi? Na kuna aliyewahi kusimama mbele ya bodi ya shule akasema? Kikao cha wetu ni Jumanne jioni, mwananchi anapewa dakika tatu. Nimejiandikisha.

NYONGEZA 1, saa kumi jioni: Mkuu hapo juu unayesema "rudi Tanzania kama umechoka", asante kwa mchango. Kodi ya nyumba hii ndani yake kuna kodi ya hiyo shule, kwa hiyo nitalalamika hadi nitosheke.

Dada uliyeuliza kama utabiri ukikosea usiku je: swali zuri. Ukikosea, watoto wamepumzika siku moja bure, na saa za akiba zipo. Ukikosea asubuhi, mtoto yuko chini kwenye barafu. Wewe ungechagua kosa lipi? Na kwa wale watoto wanaotegemea kifungua kinywa na chakula cha mchana cha shule, kufunga usiku ni afadhali zaidi, mzazi ana muda wa kutafuta. Kwangu mimi saa tatu na nusu asubuhi nilikuwa na mayai mawili na mkate wa juzi.

Ndugu wa Kentucky, nimeona ujumbe wako kuhusu kukusanya saini za wazazi wanaozungumza Kiswahili ili simu zije na kwa Kiswahili. Nimeongea na yule mama, ana wenzake kanisani kama familia ishirini. Nitumie hiyo barua yenu nami niirekebishe.

NYONGEZA 2, saa tatu na nusu usiku: Mke wangu amerudi saa nane mchana, saa kumi na tano kazini mfululizo, ameanguka kitandani na koti lake. Mchana jua lilitoka kidogo, maji yakayeyuka yakatapakaa barabarani, na sasa hivi joto linashuka hadi nyuzi 12 za huku, kama -11. Kila kilichoyeyuka kinaganda upya. Wilaya zile tatu jirani zimeshatangaza, kesho wamefunga.

Sisi tumepata huu: "Tunaendelea kufuatilia hali ya barabara na tutawajulisha asubuhi."

Nimetega alamu saa kumi. Viatu vya watoto nimeviweka mlangoni.