Mjadala: watu wa Elgon watolewe kwa nguvu? Mimi napinga, na Arrow imenifunza kitu

Jamani tujadili hili bila matusi. Kila mlima Elgon upande wa Uganda ukiporomoka wengi mnaandika watu wa kule ni wakaidi, serikali iwatoe kwa nguvu yaishe. Mi napinga, na nitaanzia kwa ile sirizi ya Arrow iliyoanza 2012.

Mwisho wa msimu wa kwanza Malcolm Merlyn anataka kubomoa Glades, mtaa wa maskini, kwa mashine ya kuleta tetemeko. Oliver, yule shujaa wa mishale, na timu yake wanahangaika weee mpaka polisi Quentin Lance anaizima huku Felicity wa timu ya Oliver anamwelekeza, watu washaanza kupumua, kumbe Merlyn anayo ya pili! Upande mmoja wa Glades ukaanguka, Tommy, rafiki wa Oliver na mtoto wa Merlyn mwenyewe, akafia humo. Oliver ana mafunzo ya miaka 5, ana orodha ya majina, mishale, kila kitu, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza "na kama ziko mbili?" Adui ndo alijipanga zaidi yao.

Sasa sisi. Machi 2010 kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifunikwa na maporomoko, mamia wakafa, baadhi ya manusura wakapelekwa Kiryandongo, mbali kabisa na kwao. Si kuna waliorudi? Juu kule kuna kahawa, udongo unazaa, makaburi ya wazee wao yako pale. Zikaja nyumba za Bunambutye ambazo serikali ilijenga kwa ajili ya wanaohamishwa, na bado Novemba 2024 Bulambuli ikaporomoka na watu. Kuhamisha mtu ni mashine moja tu, ya pili ni tumbo. Umempa nyumba sawa, shamba je? Kahawa ukiipanda leo unangoja kama miaka 3 ndo uanze kuvuna, hapo katikati watoto wanakula nini, karo inatoka wapi?

Na wale watakaobaki, maana watabaki tu, wapangiwe pia. Mlima huwa unatoa dalili: ufa unapita katikati ya migomba, miti inainama, chemchemi inatoa tope, mlango uliokuwa unafunga vizuri unaanza kukwama. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiambiwa hayo mvua ikinyesha, awe na uwezo wa kusema leo kijiji kizima tunalala pahali fulani, na pahali penyewe pawe pameshajulikana tangu kiangazi, si kutafutana usiku kwenye matope.

Nyie mnaotaka nguvu nijibuni: askari wakishaondoka, lile shamba la kahawa kule juu litakuwa la nani, na mwenyewe atalipwa nini?